Sauti 23 za mjomba na sentensi moja ya jirani

SWALI

Bi Mkubwa, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Mlingotini, huku Bagamoyo. Nina miaka 31, nina mume na watoto wawili, na kazi yangu ni kulima mwani. Nilianza na kamba kumi kwa mbegu niliyogawiwa na wenzangu, sasa nina kamba arobaini. Si nyingi, lakini sare za shule za mwanangu wa kwanza zimetoka humo, na bati sita za jikoni.

Kaskazi iliyopita ilinitia hasara. Nilikuwa nimefunga mwani wa aina ya cottonii karibu shamba zima, kwa sababu mnunuzi anailipa vizuri kuliko ile aina nyingine, spinosum. Bamvua moja, maji yalipotoka mbali, nikashuka, nikakuta ncha zimekuwa nyeupe kama mfupa, nikizishika zinakatika mkononi. Bamvua lililofuata kamba zilikuwa tupu, zimebaki tai-tai tu, zile nyuzi za kufungia mbegu, zinacheza na maji. Nilikaa mchangani nikalia, sikuona haya.

Basi nikaanza kutafuta ushauri, na hapo ndipo shida niliyokuandikia ilipoanza.

Mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye mkulima mkubwa wa mwani katika ukoo wetu. Ana boti ya mashine, ana vijana wanne wa kazi, na hesabu ya kamba zake sidhani kama mwenyewe anaijua. Yeye analima maji ya kina. Nilimpigia nikamwomba anielekeze, akaniambia, "Ngoja, nitakutumia." Usiku ule alinitumia sauti 23 kwenye WhatsApp. Nilizihesabu. Alizungumzia unene wa kamba, umbali wa vigingi, mahali pa kununua mbegu, kuhamia maji ya kina, kutafuta kijana wa kulipwa, kuweka daftari la hesabu, kuanika juu ya chaga badala ya mchangani, kutomwamini mnunuzi wa kwanza, kujiunga na kikundi cha kukopeshana, na mengine mengi. Nilisikiliza mpaka saa sita usiku, nikaandika kurasa tano. Nilijiona nimepewa hazina.

Siku ya pili yake nilipita kwa bibi jirani yetu. Yeye ana kamba sitini, hana boti, hana kijana. Mwaka mzuri anavuna, mwaka mbaya anavuna kidogo. Nilimkuta anachambua dagaa uani. Nikamweleza yaliyonipata. Akaniambia, "Mwanangu, mchana maji yakianza kurudi, tia mguu penye kamba zako. Pakiwa na moto hata usingemwogeshea mtoto maji yale, cottonii usiitie hapo." Akaendelea na dagaa wake. Nikamshukuru kwa adabu, lakini moyoni nilisema, ndiyo hayo tu?

Sasa ni mwezi wa pili nimekaa na daftari. Kila nikilifungua sioni pa kuanzia. Nusu ya yaliyomo yanataka boti, na mimi hata kuogelea sijui. Mume wangu anasema nimfuate mjomba, kwa kuwa mwenye mali ndiye anayejua njia ya mali. Mama ananiambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mjomba mwenyewe kila siku mbili anauliza nimefikia wapi, na nikijibu "bado" namsikia sauti yake inabadilika.

Kuna na hili jingine, nalieleza kwa sababu linanisumbua usingizini. Mdogo wangu yuko Tanga mjini, Ngamiani, anauza uji na vitumbua asubuhi. Mwaka jana nilimwambia aache kukopesha wateja. Nilimwambia kwa upole, kwa mapenzi, na nilijua ushauri wangu ni mzuri. Hakunisikiliza. Anakopesha mpaka leo. Nilinuna, na simu zake nyingine sipokei.

Bi Mkubwa, mtu anajuaje kwamba ushauri huu ni mzuri kabla hajaufuata akaumia? Na mjomba nimwambie nini?

Wa kamba arobaini, Mlingotini

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kaskazi. Mwani ukikatika haumlizi mtu kwa sababu ya fedha peke yake. Ni zile asubuhi za kusimama majini mgongo umeinama, ambazo hakuna wa kukurudishia.

Barua yako nimeirudia kwa sababu ya sehemu mbili. Umesema usiku ule, baada ya sauti ya 23, ulijiona umepewa hazina. Ilikuwa saa sita usiku. Hujafunga kamba hata moja, hujajaribu hata neno moja katika yale. Ulijuaje kwamba ni hazina? Na kwa jirani, dagaa hawajaisha hata ungoni, wewe umekwisha kusema moyoni "ndiyo hayo tu?" Ulijuaje kwamba ni machache?

Nitakuambia ulivyojua, maana sote tunafanya hivyo. Ushauri hauna mizani ya kuuweka juu yake, basi tunapima vitu vilivyo kando yake. Tunamtazama msemaji amefika wapi. Tunatazama amesema mengi kiasi gani. Tunasikiliza kama sauti yake ina wasiwasi au haina. Mjomba wako ana boti, amesema usiku kucha, na nina hakika hakusitasita hata mara moja. Kwa vipimo hivyo vitatu bibi wa watu angemshindaje, naye ameketi chini na ungo wa dagaa?

Jambo hili limewahi kufanyiwa majaribio huko Marekani. Watafiti watatu, David Levari, Daniel Gilbert na Timothy Wilson, walichapisha kazi yao mwaka 2022. Walitumia, pamoja na mengine, mchezo wa kuunda maneno kutokana na herufi, wakawaomba waliokwisha kucheza waandike ushauri kwa ajili ya watakaofuata. Ukijumlisha majaribio yao yote, walishiriki watu zaidi ya 8,000. Waliopewa ushauri wa wachezaji bora waliamini kwamba wamepata ushauri bora. Walipocheza wenyewe, hawakufanya vizuri kuliko wale waliopewa ushauri wa wachezaji wengine. Watafiti wakaenda kuutazama ushauri wenyewe ili waone kilichowavutia wapokeaji, wakakuta kwamba mabingwa hawakuwa wametoa ushauri mzuri zaidi. Walikuwa wametoa mwingi zaidi, na watu wakaupokea wingi kana kwamba ndio ubora.

Mchezo wa herufi si bahari, hilo nalielewa. Wala hakuna aliyesema kwamba bingwa hana cha kufundisha. Lakini nilipolisoma jambo hili niliona uso wa mama mmoja wa huko huko kwenu, nami nataka nikusimulie habari yake kwa sababu imenifundisha kuliko utafiti wowote.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuja Mlingotini kumtembelea rafiki. Lilikuwa bamvua, maji yametoka saa nne asubuhi, na wanawake walikuwa kivulini wanafunga mbegu kwenye kamba kabla ya kushuka. Nilionyeshwa mama ambaye wenzake wote walisema mkono wake hauna mfano; mwani aliofunga yeye haudondoki. Nikaketi karibu yake, akanipa kamba na mbegu. Nikamwuliza, nikaze kiasi gani? Akasema, "Kaza." Nikakaza. Akakitazama kitanzi changu, akakifungua bila neno, akakifunga upya. Nikafunga cha pili, nikakaza zaidi. Akakifungua tena. Mara ya tatu niliacha kusikiliza nikatazama vidole vyake. Kila alipokaza, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa ndani ya kitanzi, kati ya uzi na mwani, na alikichomoa mwisho kabisa. Nafasi ya kidole kimoja. Mwani unapata pa kunenepea bila kukatwa na uzi, na wimbi halipati pa kuuchomolea.

Nikamwambia, "Mama, mbona wewe hukazi? Unaacha kidole." Alishangaa kweli. Akajaribu kufunga bila kidole, mikono ikagoma. "Mbona mwenyewe sijui?" aliniuliza. Na yule mama alikuwa amewafundisha wasichana wengi pale kijijini, na wote aliwaambia "kaza."

Ndiyo maana sishangai kwamba anayeweza sana si lazima aeleze vizuri. Mambo yaliyomwinua yameshuka mkononi, hayapiti tena mdomoni. Ukimwuliza, atakujibu kwa yale aliyo nayo mdomoni, na kwa kuwa anakupenda atakupa yote. Mjomba wako hakukudanganya katika sauti hata moja. Inawezekana kabisa kwamba kinachomfanya avune hakimo katika zile 23, wala yeye hajui kwamba hakimo.

Halafu kuna suala la maji yenyewe. Wewe unalima kina kifupi, mjomba analima kina kirefu. Hizo ni bahari mbili. Mwani huu wa biashara ulianza kulimwa Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, ukaja kuenea pwani yetu. Wakati ule mtu aliyekuambia "funga cottonii" alikuwa amekupa ushauri mzuri. Kisha maji ya kina kifupi yakazidi joto, cottonii ikaanza kufa mahali ilipokuwa ikistawi, na wakulima wengi wakabaki na spinosum yenye bei ndogo lakini inayovumilia. Maneno "funga cottonii" ni yale yale. Bahari ndiyo iliyobadilika chini yake. Mtafiti wa mwani Dk. Flower Msuya, wa Zanzibar, amefanya kazi na wakulima wanawake kutafuta namna ya kuirudisha cottonii kwa kuilima kwenye maji ya kina, ndani ya nyavu zenye umbo la bomba, ambako joto ni pungufu. Hiyo ni elimu ya kweli na mjomba wako ana haki ya kukutajia maji ya kina. Lakini maji ya kina yanataka chombo, na yanataka mtu anayejua kuogelea. Kwako wewe, leo, maneno yale yale yanaweza kukuzamisha, nami sisemi kwa mafumbo. Usiende huko mpaka uwe na chombo cha kuaminika, na wenzako, na ujue kuogelea. Watoto wako wanakuhitaji kuliko wanavyohitaji cottonii.

Sasa usije ukanigeuzia ukadhani nimesema bibi jirani ndiye mwenye haki kwa sababu amesema kidogo. Ufupi nao unadanganya. Tunao watu wanaotupa neno moja zito wakanyamaza, nasi tukaona wana hekima, kumbe hawakutaka kusumbuka. Ninachokipenda katika sentensi ya jirani yako ni kitu kingine: nilipoisoma niliweza kukuona ukiifanya. Mguu unao. Maji unayo. Saa amekutajia. Na kabla ya magharibi utakuwa na jibu, tena jibu la shamba lako mwenyewe. Sentensi ile haihitaji umwamini yule bibi hata kidogo. Ikiwa amekosea, mguu wako utakuambia.

Chukua daftari lako usiku wa leo ulisome kwa jicho hilo. Kila mstari uulize: nikitaka kufanya hili kesho, naanza na nini mkononi? "Anika juu ya chaga" ni mstari mzuri, unajua pa kuanzia, na mwani wako hautaingia mchanga. Ubakize. "Kuwa makini na mnunuzi" ni kweli tupu, lakini kesho asubuhi utafanya nini nao? Uweke kando. Wa boti ukunjie ukurasa, siku yake inaweza kuja. Sidhani kama utabaki na zaidi ya mitatu au minne, na hiyo ndiyo utakayoilinganisha na ya jirani.

Ila kabla hujamwacha jirani, rudi kwake. Mara ya kwanza alikupa neno, hukumwuliza sababu. Mwulize, bibi, ulijuaje? Uliona nini? Ni mwaka gani? Huenda atakuambia kuna sehemu ya shamba lake iliyokufa miaka mitatu mfululizo na nyingine haijawahi kufa, na hapo utakuwa umepata kitu kikubwa kuliko ile sentensi. Au atasema alimsikia mtu akisema, na hapo pia utakuwa umejua uzito wake. Mwulize vilevile habari za masika, maana maji ya mvua yakiingia kwa wingi nayo huuchosha mwani, na joto si adui wa pekee.

Kisha jaribu kwa kidogo. Kamba kumi kati ya arobaini, zisizidi. Tano zifunge kwa mambo ya mjomba yaliyobaki katika daftari, tano uzipeleke pale ambapo mguu umekuambia pana nafuu. Funga kitambaa chekundu kwenye vigingi vya upande mmoja ili usije ukachanganya. Mbegu iwe ya siku moja, kutoka lundo moja. Zilizobaki tia spinosum, upate cha kuanika vyovyote itakavyokuwa. Baada ya siku arobaini na tano au karibu na hapo, pima kila upande kabla ya kuanika na baada ya kukauka, uandike. Bamvua moja halitoshi kukuambia ukweli wote. Kusi na kaskazi ni dunia mbili, nawe unalijua hilo kwa ngozi yako. Lakini utakuwa na kitu ambacho mjomba hana na jirani hana, nacho ni hesabu ya shamba lako.

Nije kwa mjomba. Hapa ndipo penye uchungu, maana kwetu ushauri wa mkubwa hauji peke yake. Unakuja na cheo chake, na udugu, na mambo aliyomfanyia mama yako kabla hujazaliwa. Ukiuacha ushauri, yeye anaona umeviacha vyote. Na yeye pia ana kipimo chake: anaupima ushauri wake kwa kutazama kama umefuatwa. Kila ukijibu "bado," anasikia "haukuwa mzuri." Ndiyo sauti ile unayoisikia ikibadilika.

Mama yako amekutajia methali, nami siipingi. Lakini isikilize vizuri: imesema asiyesikia. Wewe la mkuu umelisikia mpaka saa sita usiku, ukaliandika kurasa tano. Hakuna guu hapo la kuvunjika. Kusikia ni haki ya mkubwa juu yako. Kuchagua utakachokifunga kwenye kamba zako ni kazi yako, kwa sababu hasara ikija ataipata mwenye kamba.

Usimjibu kwa simu. Nenda kwake, uchukue na kitu mkononi, hata kama ni nazi mbili. Chukua na lile daftari, umwonyeshe kurasa ulizoandika, aone kwa macho yake kwamba maneno yake hayakuanguka chini. Mwambie, "Mjomba, haya nimeyaanza," umwonyeshe ile mitatu. "Haya yanangoja nipate chombo." Halafu mwulize swali ambalo sidhani kama kuna mtu amewahi kumwuliza: "Mjomba, mwaka wako wa kwanza, kabla ya boti, ulipoteza nini? Na ulifanyaje?"

Hapo funga mdomo usikilize. Ulipomwomba ushauri, alikujibu kutoka pale alipo leo, juu ya boti. Mwache arudi nyuma, asimame tena kwenye maji ya magoti kama wewe. Atakumbuka kamba zake za kwanza, atakumbuka alivyokosea mbegu, pengine atakumbuka mtu aliyemsaidia. Hayo ndiyo yanayofanana na yako. Na ukipata nafasi, mwombe umtazame akifunga. Usimwulize anafungaje. Tazama vidole.

Sasa mdogo wako.

Mwanangu, umeniandikia kwamba mjomba akikupa ushauri una haki ya kuupima, ila mdogo wako akipewa na wewe, kuupima kunakuwa utovu wa adabu. Najua hukukusudia hivyo. Umeandika kwamba "ulijua" ushauri wako ni mzuri. Ulijua kwa nini? Kwa sababu ulitoka moyoni, na ulisemwa kwa upole. Hivyo ni vipimo vya moyo wako, na moyo wako sina shaka nao. Ngamiani lakini hukuwepo. Mwaka 2000 watafiti Ilan Yaniv na Eli Kleinberger walieleza jinsi watu wanavyofanya wanapopewa maoni ya mwingine baada ya kuwa na ya kwao: huyasogelea kidogo tu, na wanaegemea zaidi ya kwao. Sababu waliyoitoa ni nyepesi kueleweka. Hoja zangu mimi nazijua zote, zako sizioni. Mdogo wako anamjua anayekunywa uji Jumatatu akalipa Ijumaa bila kukosa. Anamjua yule fundi ambaye asipokopeshwa atahamia meza ya pili, tena ahame na vijana wake wote. Wewe ulimwambia "acha kukopesha," hukumwambia kwa nini, wala hukumwuliza kwa nini anakopesha. Inawezekana una haki. Inawezekana madeni yanamla polepole naye hajui. Lakini mpaka leo wewe na yeye hamjakaa mkaitazama hata hesabu ya wiki moja.

Nakuambia hili kwa kuwa limenipata mimi. Nilipoanza kuandika safu hii niliyapima majibu yangu kwa shukrani. Kuna mama aliniandikia barua ndefu ya kunishukuru, nikaiweka kwenye kabati langu la nguo, nikawa naitoa kila nilipochoka. Miaka miwili baadaye tulikutana sokoni, akanishika mikono yote miwili, akaniambia jibu lile lilimliwaza sana, ila hakulifanya hata kidogo, kwa sababu mume wake alikuwa na hali ambayo mimi sikuiuliza. Na yuko mwingine aliyenijibu kwa hasira akasema sijui ninachokisema. Baadaye alituma salamu kwamba amejaribu nusu ya nilichosema, nusu nyingine ameibadilisha, na nyumba imetulia. Yule wa kwanza alinipenda, yule wa pili nilimsaidia, nami wakati ule ningeapa kwamba ni kinyume. Tangu siku ile ya sokoni, kabla sijajibu barua natafuta kwanza kitu ambacho mwandishi hakuniambia. Kwako wewe sijui hata shamba lako lina kina gani maji yakitoka. Ndiyo maana nimekutuma ukatie mguu badala ya kukuambia ufunge nini.

Bamvua likifika, maji yakitoka saa nne, shuka na wenzako kama kawaida, na usiondoke mapema. Ngoja mpaka yaanze kurudi juu ya mchanga uliopigwa na jua. Tia mguu kwenye kamba ya kwanza, kisha ya kumi, kisha ya ishirini, uende hivyo mpaka ya mwisho. Andika palipo na moto na palipo na nafuu. Uniletee na mimi, nitapenda kusoma.

Na simu ya mdogo wako usiisubiri, mpigie wewe, leo hii. Habari za mikopo zisiwemo. Mwulize leo vitumbua vimekwisha saa ngapi, na nani alikuwa wa kwanza kufika mezani.